Kutoka Mwaloni Kirumba Hadi Kwenye Kompyuta: Mwongozo Kamili wa Kuchora Herufi Zako Mwenyewe

Miaka kadhaa iliyopita nilitengeneza bango la mgahawa mmoja pale Nyegezi, jijini Mwanza. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: jina, namba ya simu na mstari mmoja wa chakula, SUPU YA NG'OMBE. Nilichagua fonti nene niliyoipakua bure, nikapeleka kwa wachapaji wa fleksi, bango likapandishwa jioni ileile. Kesho yake nilipita na daladala nikalisoma kwa mbali: SUPU YA NG OMBE. Ile alama ya juu ilichorwa nyembamba kama unywele, halafu ikaachiwa nafasi pana kushoto na kulia. Ukiwa karibu uliiona. Ukiwa ng'ambo ya barabara uliona shimo. Mwenye mgahawa hakulalamika, lakini mimi niliumia, maana hilo ndilo neno alilokuwa analiuza.

Aliyechora fonti ile alikuwa fundi mzuri. Aliichora kwa maneno ya lugha yake, akaipima kwa maneno hayo, akaridhika. Kwake alama ile hutokea mara mojamoja, na haibebi sauti kama inavyobeba kwetu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifanya majaribio ya kuchora herufi nikianzia kwenye maneno yetu, na mwongozo huu ni njia ninayoifuata hadi leo. Utakufikisha kwenye fonti ya herufi kubwa inayofanya kazi kwenye kibao, kwenye lebo ya dagaa na ubavuni mwa boti.

Jambo moja la kutenganisha kwanza. Kuchora neno moja kwa ajili ya nembo ni kazi tofauti na kuchora fonti. Kwenye neno moja, kila herufi inajua jirani yake ni nani. Kwenye fonti, A lazima ikae vizuri na yeyote atakayeletwa pembeni yake. Tutaanza na maneno, kisha tutafika kwenye fonti.

Vifaa havina gharama kubwa: daftari lisilo na mistari, penseli laini, rula, kifutio, kadi kadhaa za manila, brashi bapa ya upana wa sentimita moja, wino au rangi ya maji, wembe, na simu yenye kamera. Kwa upande wa kompyuta utahitaji programu mbili: Inkscape ya kuchora maumbo, na FontForge ya kuyageuza kuwa fonti. Zote mbili ni za bure, na zinafanya kazi kwenye laptopu ya kawaida.

Hatua ya 1: Nenda mwaloni ukasome

Amka mapema uende Mwaloni Kirumba, soko la samaki la ufukweni, kabla jua halijawa kali. Mitumbwi ya dagaa inakuwa imerudi, mingine imepandishwa mchangani, na majina yake yanaonekana vizuri. Jua la asubuhi linapiga ubao kwa pembeni na kuonyesha njia ya brashi: wapi ilianza, wapi ilijaa rangi, wapi ilikauka.

Mwombe mwenye chombo ruhusa. Salamu kwanza, kisha useme shida yako: "Shikamoo mzee, mimi nachora herufi, naomba kupiga picha maandishi ya chombo chako." Sijawahi kukataliwa nilipoomba hivyo, na mara nyingi nimeelekezwa hadi kwa fundi aliyeandika. Usipige sura za watu, na namba za usajili ziache. Simama usawa wa maandishi, simu ikiwa sambamba na ubao, la sivyo herufi zitalala na utajifunza umbo lisilokuwepo.

Tazama mambo matatu. La kwanza, brashi inapovuka kiungo cha mbao mbili. Mafundi wazoefu hupanga mkato wa A au E, yaani ule mstari wa kulala wa katikati, uangukie katikati ya ubao, si juu ya kiungo, kwa sababu kwenye kiungo rangi huchirizika. La pili, jinsi herufi zinavyopungua kimo kuelekea omo, mahali ubavu unapojikunja. La tatu, na hili ndilo lililonifundisha zaidi, ni unene. Boti haitulii. Inapanda na kushuka, na msomaji naye yuko kwenye boti nyingine. Ndiyo maana mafundi wa mwaloni hawaandiki herufi nyembamba, na ndiyo maana matumbo ya A na R, yaani uwazi uliofungwa ndani ya herufi, wanayaacha wazi hata herufi ikiwa nene sana.

Usichukue picha mia. Kumi na tano ulizozitazama kwa makini zinatosha. Chini ya kila moja andika sentensi moja: nini kimekuvutia, na unadhani fundi alikifanyaje.

Hatua ya 2: Tengeneza karatasi ya maneno

Watu wengi huanza na A, wakafuata B, wakafuata C, wakachoka kwenye G. Mimi naomba uanze na majina ya mahali hapa petu, kwa sababu yanatoa kila tatizo utakalokutana nalo.

Chukua MWANZA. Iandike kwa herufi kubwa uitazame: M, W, A, N, Z, A. Hakuna hata herufi moja ya duara, na kila moja ina mstari wa mshazari. Ni neno gumu kulipanga, linavuta huku na kule kama wavu uliokamatwa na upepo. Sasa andika IGOGO. Hapo ukiondoa I, zote ni za duara. Kisha ILEMELA: mistari iliyosimama, na nafasi tupu kubwa kila baada ya L. Maneno matatu, matatizo matatu: mshazari, duara, na nafasi tupu. Ukiyafanya haya matatu yaonekane ni ya familia moja, umemaliza nusu ya fonti.

Baada ya hapo ongeza wilaya zote saba za mkoa: Ilemela, Nyamagana, Sengerema, Ukerewe, Misungwi, Magu, Kwimba. Wilaya hizo saba zinakupa herufi 14. MWANZA inaongeza Z, IGOGO inaongeza O. Kiswahili chetu hakitumii Q wala X, kwa hiyo zimebaki nane tu, nazo utazipata kwa TAA ZA WAVUVI, DAGAA, FURU, JIWE, CHOMBO na PASIANSI. C nayo haikai peke yake, daima ina H pembeni, basi ichore pamoja na H.

Hesabu sasa. WAVUVI WA DAGAA ina herufi 13, na tano kati ya hizo ni A. NYAMAGANA ina herufi tisa, nne ni A. A yako ikiwa mbaya hata kidogo, ukurasa mzima utakuwa mbaya. Mimi hutumia siku nzima kwenye A peke yake, na sioni kama ni muda uliopotea.

Hatua ya 3: Majaribio ya mkono

Hapa usifikirie kompyuta kabisa. Fanya majaribio manne kwa maneno yaleyale, kila jaribio kwenye karatasi zake.

Jaribio la kwanza ni kalamu ya tete. Neno lenyewe kalamu limetujia kutoka Kiarabu, ambako kiini chake ni tete la kuandikia, na ufukweni kwetu matete yamejaa. Kata tete lililokauka, urefu wa kiganja na nusu. Likate mshazari kwa wembe, ukisukuma wembe mbali na vidole. Kwangua utando wa ndani, kisha ukate ncha iwe bapa, upana wa milimita sita au nane. Pasua ufa mfupi katikati ya ncha ili wino ushuke. Chovya na uandike MWANZA ukishika ncha kwa mlalo wa nyuzi 30 hivi, bila kuigeuza.

Utaona jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi. Mshazari unaoshuka kutoka kushoto kwenda kulia unatoka mnene, na unaopanda unatoka mwembamba. Kwa hiyo mguu wa kulia wa A ni mnene, wa kushoto mwembamba, na W inapishana mnene, mwembamba, mnene, mwembamba. Kisha unafika kwenye Z, mambo yanageuka: mshazari wake ni ule unaopaswa kuwa mwembamba, na herufi inadhoofika. Tangu zamani waandishi wa herufi za Kirumi huigeuza kalamu hapo, ncha ikalala karibu sawa na mstari, ili mshazari wa Z uwe mnene. Jaribu zote mbili uone kwa nini. Kwenye jina la mji wetu, Z dhaifu inaonekana kama jino lililong'oka.

Jaribio la pili ni brashi bapa na rangi, kwa kimo cha sentimita 20, ukiwa umesimama na karatasi imebandikwa ukutani. Mkono utatoka begani, si kwenye kifundo. Hapa utaelewa herufi za mwaloni.

Jaribio la tatu ni stenseli. Kata SOKO na DAGAA kwenye manila. Tumbo la O na la A litadondoka, kwa hiyo lazima uache daraja la kulishikilia. Nimeona watu wakiweka daraja popote. Liweke mahali ambapo kalamu ya tete ilikuwa nyembamba, na herufi itaonekana imezaliwa hivyo.

La nne ni mawe, na hapa nitakaa kidogo. Mwanza ni jiji la miamba, na kila mwanafunzi wa usanifu anayepita hapa hutaka kuchora fonti ya mawe: duara nzito zilizobebana kama Mwamba wa Bismarck. Nimejaribu mara nyingi. Ukichora jiwe, unapata herufi nzito isiyosomeka ikipungua chini ya sentimita mbili. Siku moja nilikaa karibu na maji nikachora upande wa pili: nikaacha mawe, nikachora nafasi zilizo kati yake. Zile nyufa za mwanga ndizo zinazofanya macho yaamini kwamba jiwe limekaa juu ya jiwe na halitaanguka. Nikarudi nyumbani, nikachukua kadi nyeusi, nikabandika vipande vyeupe vya nafasi tu: tumbo la A, uwazi ulio chini ya W, pengo kati ya L na E. Herufi zikatokea zenyewe. Fanya zoezi hili kwa ILEMELA kabla ya kwenda mbele. Litakusaidia kwenye hatua ya sita kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 4: Sahihisha kwa jicho

Chagua jaribio moja unalolipenda, ulichore upya kwa penseli, kimo cha sentimita saba, kwa uangalifu. Rula itakudanganya hapa, kwa hiyo jua mahali pa kutoitii.

O yenye kimo sawa kabisa na I huonekana fupi. Ivushe mstari wa juu na wa chini kwa asilimia moja au mbili. Ncha ya A nayo ivuke kidogo. Mkato wa H uwe juu kidogo ya katikati, mkato wa A uwe chini zaidi, vinginevyo tumbo lake litaziba. Nusu ya juu ya S iwe ndogo kuliko ya chini. Ukitaka ushahidi, geuza S ya gazeti kichwa chini uione inavyoyumba. Mistari ya kulala iwe myembamba kidogo kuliko ya kusimama, hata kwenye herufi zinazoonekana kuwa na unene mmoja. W, kwa kuwa ina mikono minne, ipunguzie unene, la sivyo itakuwa doa jeusi katikati ya neno.

Bandika karatasi ukutani, rudi nyuma hatua kumi, ukunje macho. Kisha igeuze juu chini na uitazame tena. Doa lolote jeusi linalokuvuta ni kosa.

Hatua ya 5: Ingiza kwenye kompyuta

Piga picha kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, ifungue Inkscape, uifunge kwenye safu ya chini, kisha chora juu yake kwa mkono ukitumia kalamu ya vekta. Programu hiyo ina amri ya kufuatisha picha yenyewe, lakini hukupa nukta nyingi zisizo na mpangilio, na utajuta utakapofika kwa mwenye plota, mashine ya kukata stika. Weka nukta mahali pa mwisho wa mkunjo tu: juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa, kulia kabisa. O nzima inahitaji nukta nne nje na nne ndani.

Hatua ya 6: Fonti, na nafasi kati ya herufi

Kwenye FontForge, acha kipimo cha uniti 1000, 800 juu ya mstari unaosimamiwa na herufi na 200 chini yake. Kimo cha herufi kubwa weka 700. Ingiza kila herufi kwenye chumba chake, unganisha maumbo yanayopishana, na uamuru programu isahihishe mwelekeo wa mistari, la sivyo tumbo la A linaweza kutokea likiwa limejaa.

Sasa nafasi. Anza na N. Kwa mstari wa unene wa uniti 140, mimi huanza na 60 kila upande, naandika NNNN, narekebisha hadi nafasi ya ndani na ya nje zipatane. O ipe kama nusu ya hiyo. A, W, V na Y zipe karibu sifuri, maana zenyewe zimeshabeba uwazi.

Kisha jozi. Kazi ya kusogeza herufi mbili zinazoachana huitwa keningi, na kwa Kiswahili ina uzito wa pekee kwa sababu WA na YA kwetu ni maneno kamili. Yanatokea kila mstari: wavuvi WA dagaa, supu YA ng'ombe. Jozi hizi mbili zikilegea, kila sentensi inalegea. Mimi huanza na −60 kwa WA, yaani nazisogeza karibu kwa uniti 60, na YA mara nyingi hufika −85. Endelea na AW, AY, KA, TA, AV, VY, KW, KU. LA haiponi kwa kusogeza, kwa kuwa mguu wa L na mguu wa A vinagongana chini. Fupisha mguu wa L uendelee na maisha. Nafasi kati ya neno na neno ipunguze iwe karibu 220, kwa sababu maneno yetu mengi huishia na A, na mteremko wake huongeza uwazi wake wenyewe.

Hatua ya 7: Ile alama ya NG'

Hii ndiyo iliyonitoa nyumbani, kwa hiyo usiipite haraka. NG' ni sauti moja, na alama ni sehemu ya herufi. Ukanda huu wa Wasukuma umejaa majina yanayoihitaji: Ng'wanza, Ng'wana, Ng'wagala.

Ichore nene kama mikono ya herufi nyingine, umbo la kabari linaloelekea chini, urefu wa theluthi moja ya herufi. Kisha iweke kwenye vyumba vitatu, ninavyovitaja kwa namba za Unicode ambazo kompyuta hutambulia kila alama: U+0027, ambayo mara nyingi ndiyo inayotoka mtu anapoandika kwa simu, U+2019, ambayo programu za ofisi huibadilisha zenyewe, na U+02BC, ambayo kompyuta huihesabu kuwa ni herufi. Umbo liwe moja kwenye vyumba vyote vitatu, ili mteja akileta maandishi kutoka popote yatoke sawa. Sogeza jozi ya G na alama, kisha alama na O, kisha alama na W. Alama ikaribie G zaidi, maana ni mali ya G. Jaribu kwa NG'OMBE, NG'AMBO na NG'WANZA.

Hatua ya 8: Chapa, bandika, rudi nyuma

Chapa maneno yako steshenari kwenye karatasi za kawaida, uyabandike ukutani nje. Waandishi wa vibao hutumia kanuni hii: sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita tatu za umbali, ukitaka mtu asome bila kujikaza. Kwa msomaji aliye mita 30, ng'ambo ya barabara, hiyo ni sentimita 25. Tazama asubuhi, saa sita mchana, na magharibi jua likiwa nyuma ya bango. Mwombe mtu asiyejua kazi yako asome kwa sauti. Akisita kwenye neno, usimwambie ni neno gani. Muulize ameona nini.

Ukipeleka kwa mwenye plota akate stika, badili maandishi yawe mikunjo kwanza, na hakikisha hakuna umbo linalopishana na jingine, kwa sababu kisu kitakata kila mstari kinachoukuta. Kona za ndani kali sana, kama pale W inapokutana chini, zinyofoe kidogo. Rangi na wino huzijaza, na stika huchanika hapohapo.

Hatua ya 9: Rudisha mwaloni

Kama umejifunza kutoka kwa mkono wa fundi fulani, mweleze umefanya nini, na kama fonti itauzwa, mkubaliane malipo kwa maandishi kabla ya kuuza. Ule mkono ni kazi yake ya miaka. Ukitaka kuigawa bure, leseni ya SIL ya fonti huria inaruhusu wengine kuitumia na kuirekebisha, lakini muulize yeye kwanza.

Kisha chapa neno moja kwa kimo kamili, mpelekee, umwombe aliandike kwa brashi kwenye ubao wa kweli. Kaa kimya utazame mkono wake. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, fundi aliifuata MWANZA yangu vizuri hadi kwenye N, akaipanua bila kuniuliza, kwa sababu ilikuwa imebanwa kati ya A na Z. Nilipima ubao: aliongeza kidole kimoja. Jioni ile nilifungua FontForge, nikaongeza uniti 40 kwenye N, nikachapa upya.